A na B Wakazaa Sifuri

Mwaka wa sabini na nne, mbele ya hoteli ya Mugure pale Lodwar, palikuwa na benchi la ubao wa lori uliolazwa juu ya madebe mawili ya mchanga. Ukikaa hapo uliona barabara ya uwanja wa ndege upande huu na ofisi za serikali upande ule, na hakuna aliyepita katikati bila kuchambuliwa. Mugure mwenyewe, mjane wa Nyeri aliyekuja na lori la viazi akasahau kurudi, alipika kahawa nyeusi ya tangawizi inayowasha koo. Wenye benchi walikuwa wanne. Shadrack, karani kutoka Maragoli, walimwita Gazeti, kwa sababu alisoma magazeti yaliyofika yamekaa wiki nzima njiani na kuyasimulia kama mambo ya asubuhi ile. Kiplagat, askari mstaafu, walimwita Sajini, ingawa alistaafu akiwa koplo. Ajwang, mnunuzi wa samaki wa Kalokol, walimwita Dakta, maana aliwahi kuosha chupa miaka mitatu katika maabara fulani huko kwao. Wa nne alikuwa Lotiir, mwenyeji pekee kati yao. Kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi na ngamia kwenye uwanja kabla ndege haijatua, basi wakamwita Rubani. Ndege yenyewe hakuwahi kupanda hata moja. Haya yaliyotokea yalimpata yeye.

Wiki moja nyuma, ndege ndogo ilishusha watu wa chuo kikuu, masanduku ya barafu, na nesi mmoja kijana aitwaye Chepkemoi. Walitandika meza kivulini, wakamdunga sindano ya kidole kila aliyekubali, wakadondosha damu yake kwenye kigae cheupe, wakatia dawa, wakaangalia kama itaganda ama haitaganda. Halafu Chepkemoi akaandika herufi kwenye kikadi na kumpa mtu aende nacho. Walisema wanataka kujua damu za watu wa huku zinatofautianaje na za watu wa kwingine. Baada ya siku nne wakapanda Landrova wakaenda kufanya hivyo hivyo Kakuma.

Walivyoondoka tu, benchi likashika kazi.

— Mimi nasema wanatafuta makabila, alianza Kiplagat. — Kila kabila iko na herufi yake. Wakishajua, serikali itajua nani ni nani bila kuuliza jina.

— Serikali inajua jina lako tayari, Sajini, alisema Shadrack. — Hii ni gredi. A ni ya kwanza, B ya pili. Kama mtihani.

— Wewe ulipata nini?

Shadrack alitoa kikadi chake kwenye mfuko wa shati, polepole, kama mtu anayeonyesha picha ya nyumba aliyojenga. Kilikuwa kimeandikwa AB.

— Mbili, akasema. — Nimefaulu mara mbili.

— Hiyo ni damu ya mtu mwenye maneno mawili, Kiplagat akamjibu. — Jeshini huyo hapewi bunduki.

Ajwang alicheka kikohozi chake cha moshi wa samaki. Yeye alikuwa A, na Lotiir pia alikuwa A, na jambo hilo lilikuwa limewasumbua siku mbili nzima, kwa sababu nadharia ya Kiplagat haikuweka nafasi ya Mjaluo na Mturkana kukutana katika herufi moja. Ajwang aliitengeneza.

— Sisi wote tulishuka na mto, akasema. — Mababu walikunywa maji ya Nili pamoja. A ni ya maji. Nyinyi mlienda upande wa mbuzi, sisi upande wa samaki, lakini damu haikusahau.

— Na Mmaragoli?

— Mmaragoli alipita hapo mtoni, akaonja kidogo. Ndiyo maana A yake imechanganyika.

— Na wewe, Sajini, wewe ni nini? akauliza Lotiir.

Kiplagat alisema kikadi chake amekiacha nyumbani.

Lotiir alipenda benchi lile kuliko alivyoweza kusema. Watu wenye kalamu na mishahara walimwachia nafasi katikati, wakamwita Rubani, wakamsikiliza akieleza upepo. Siku hiyo alitaka na yeye achangie jambo. Akafungua kitambaa alichofunga kiunoni akatoa vikadi vitatu, maana familia yake yote ilikuwa imepita mezani.

— Gazeti, nisomee hizi. Hii yangu najua. Hii ni ya mama Abei, hii ya Abei.

Mama Abei ndiye mkewe, Akiru. Abei alikuwa binti yao wa pekee, wa miaka minane, mwenye mwanya mdogo kati ya meno ya mbele.

Shadrack alivaa miwani.

— Wewe A. Mama Abei B. Mtoto...

Akakisogeza kikadi mbali, akakileta karibu.

— Mtoto amepata sifuri.

— Si hiyo ni O? alisema Mugure kutoka jikoni.

— O ni pana, Mama. Hii ni nyembamba, imesimama wima. Mimi nimeandika hesabu miaka kumi na tisa, sifuri siwezi kuikosa.

Ajwang akachukua kikadi, akakitazama upande wa juu na upande wa chini, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kidaktari.

— Rubani, ndugu yangu. A na B wakizaa, wanazaa A, ama wanazaa B, ama wanazaa AB kama Gazeti hapa. Hii mtoto ingechukua kitu kwako ama kitu kwa mama yake. Sasa amechukua nini? Hakuna. Sifuri.

— Labda damu yake bado ni changa, alisema Lotiir. — Herufi itakuja akikua.

— Damu si meno.

— Maabara ilikufundisha hivyo?

— Niliona mambo huko, alisema Ajwang, na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu chupa zilipita mikononi mwake zote. — Mtoto wa sifuri ni lazima baba yake awe sifuri. Hii ni sayansi. Mimi sisemi mtu.

Alipokwisha kusema kwamba hasemi mtu, benchi zima likaanza kutafuta mtu. Shadrack alikumbusha kwamba mwaka aliozaliwa Abei ndio mwaka madereva wa greda la barabara walipiga kambi karibu na mto. Kiplagat akasema si madereva tu, walikuwako pia wapima ardhi, na mpima ardhi ana darubini, anaona mbali. Ajwang akaongeza wavuvi. Kila mmoja aliongeza kundi lisilokuwa lake. Lotiir alikaa katikati, kikombe mkononi, na kahawa ikapoa bila yeye kujua. Alimwona Abei akikimbia kandokando ya uwanja akirusha mawe kwa mbuzi kama yeye, kwa mkono wa kushoto kama yeye. Akajiuliza kama mkono wa kushoto unaweza kuazimwa.

Hapo upepo ulipiga, kofia ya Kiplagat ikaruka, na kikadi kilichofichwa ndani yake kikadondoka mchangani. Shadrack alikiokota.

— Sajini, akasema. — Kumbe wewe ni sifuri.

Lotiir aligeuka, akamtazama Kiplagat kwa muda mrefu, mtu aliyekunywa naye kahawa miaka sita.

— Sikilizeni, alisema Kiplagat, na sauti ya askari haikuwepo tena. — Hii kitu iko na watu wengi.

— Watu gani?

— Mimi, alisema Mugure. Alisimama mlangoni na birika. — Mimi ni O. Muuza chumvi pale ni O, mwalimu wa katekisimu ni O, nusu ya foleni ile walikuwa O. Sasa Rubani, niambie, ni mimi niliyezaa na mke wako?

Lotiir alikusanya vikadi vyake vitatu akaondoka.

Akiru alikuwa akishona mfuko wa ngozi mbele ya nyumba. Lotiir hakukaa. Alisema maneno yote akiwa amesimama, kwa haraka, kama mtu aliyebeba kitu cha moto: A, B, sifuri, greda, sayansi. Akiru aliendelea kushona mpaka aliposikia neno baba, ndipo akaweka sindano chini.

— Nani kakwambia hayo?

— Kadi imesema.

— Kadi ina mdomo wa nani? Wa Ajwang?

— Ajwang amefanya kazi ya maabara.

Akiru alimtazama. Alikuwa mwanamke mrefu wa kutokea Lorugum, asiyepandisha sauti hata ngamia akila mboga zake.

— Na wewe, Baba Abei, akasema. — Nisikuulize Ajwang anafikiri nini. Wewe unafikiri nini?

Hilo lilikuwa swali rahisi kwa mume. Lotiir angeweza kulijibu kwa neno moja na mambo yakaishia pale. Lakini alikuwa bado anaona kikadi kikidondoka kutoka kwenye kofia, na aliona watu watatu wakisubiri kwenye benchi wasikie ameamua nini.

— Nenda kwenu kwanza, alisema. — Mpaka nijue.

Akiru hakubishana. Alichukua vikadi vyote vitatu kutoka mkononi mwake, akavifunga kwenye pindo la nguo, akamshika Abei mkono. Lotiir alirudi uwanjani kwa sababu ndege ya barua ilikuwa inakuja, na siku ile alifukuza mbuzi kwa mawe makubwa kuliko ilivyohitajika. Aliporudi, nyumba ilikuwa tupu. Jirani yao Akidor alikuwa akipepeta mtama.

— Wamepanda lori la mahindi, Akidor akamwambia.

— La Lorugum?

— La Kakuma.

Lotiir aliipeleka habari hiyo kwenye benchi. Baadaye aliona ni afadhali angeipeleka kwa mbuzi. Kiplagat, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa ubao kama mshtakiwa tangu kikadi chake kionekane, alinyanyuka mara moja.

— Kakuma, akasema. — Mnaona. Mimi niko hapa, yeye ameenda Kakuma. Sifuri yenyewe iko Kakuma.

— Huko sifuri zimejaa, alisema Shadrack, ambaye hakuwahi kufika Kakuma. — Nimesikia kwa dereva. Wale watu wa damu wamekuta hesabu nyingine kabisa. Huku A ni nyingi, kule ni chache. Maana yake ni watu wengine.

— Ni jangwa, alisema Ajwang. — Jua la Kakuma ni kali. Herufi inakauka. Mtu anazaliwa A, jua linamkausha, anabaki sifuri.

— Basi labda Abei alikaushwa na jua, akasema Lotiir, na wote wakasikia jinsi alivyotaka iwe hivyo.

Ajwang alifikiri. Ingekuwa rahisi kumwachia mtu huyu kitu cha kushika. Lakini Dakta alikuwa na jina la kulinda.

— Hapana, akasema. — Angekaukia Kakuma, si hapa.

Siku ya tatu tangu Akiru aondoke walikuwa wamefika mbali. Shadrack alishasema herufi zitaandikwa kwenye vitambulisho, na kwamba watu wa B watahamishiwa ziwani. Kiplagat aliona bora vijiji vyote vipangwe upya, A na A, B na B, wenye sifuri wapewe ulinzi wa mpaka kwa kuwa hawana cha kupoteza. Alikuwa ameanza kujivunia. Walikuwa wanagombana kuhusu AB, kama Shadrack ajengewe nyumba mbili ama alale njiani, na Lotiir akiwa ameinamisha kichwa hasikii tena, lori la mahindi liliposimama mbele ya hoteli. Akiru alishuka kutoka juu ya magunia, mweupe wa vumbi mpaka nyusi, kisha akampokea Abei.

Hakwenda nyumbani. Alikuja moja kwa moja. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye benchi lile, hata Mugure mwenyewe, na wanaume wanne wakasogea bila kuambiwa.

— Ejok, akasalimu.

— Ejok-noi, walijibu, hata Shadrack, ambaye kwa kawaida hujibu kwa Kiingereza.

Alisema Kiswahili chake polepole, akichagua maneno, ili wote waelewe.

— Nimeenda kwa yule nesi. Nimemkuta Kakuma, anadunga watu. Nimempa kadi tatu. Ameangalia, ameuliza shida iko wapi. Nimesema watu wa benchi wamesema mtoto ni sifuri. Amecheka mpaka amekaa chini.

Ajwang alikohoa.

— Amesema hiyo si sifuri. Hiyo ni O. Yeye anaandika nyembamba kwa sababu kadi ni ndogo.

Shadrack alivua miwani akaanza kuipangusa.

— Amesema kila mtu amebeba vitu viwili vya damu. Kimoja amepewa na mama, kingine amepewa na baba. A akikaa na O, O anajificha nyuma, kadi inaandika A. B hivyo hivyo. Baba Abei ni A, nyuma ana O. Mimi ni B, nyuma nina O. Mimi nimempa mtoto ile ya nyuma, baba yake amempa ile ya nyuma. Basi. Mtoto ni O. Ametoka kwetu wawili.

— Hiyo yeye anaiona wapi, kama imejificha? aliuliza Ajwang.

— Haioni. Anaijua kwa mtoto.

Akamvuta Abei magotini.

— Nimemuuliza pia, watu wa Kakuma ni watu gani, watu wa Lodwar ni watu gani. Amesema A iko Lodwar, iko Kakuma, iko Nyeri, iko hata kwa wazungu waliomwajiri. B pia. O ndiyo wengi. Sehemu hii inakuwa nyingi kidogo, sehemu ile chache kidogo, na wao wanahesabu hiyo kidogo. Hajaona herufi ya kabila.

— Wanaruka ndege kuhesabu kidogo, alinong'ona Kiplagat.

Akiru hakumsikia ama hakutaka. Alimgeukia mumewe, na sasa akasema Kiturkana, lakini kwa maneno mepesi ambayo hata mnunuzi wa samaki aliyafahamu.

— Baba Abei, nimekaa juu ya magunia kwenda na kurudi, nikifikiri. Yule nesi amesoma miaka mingi kujua jambo hili. Lakini wewe umechunga tangu hujaota meno ya pili. Ni mara ngapi umeona mbuzi mweupe na beberu mweupe wakazaa mtoto mweusi?

Lotiir aliangalia mikono yake. Jibu lilikuwa mara nyingi. Kila mchungaji Turkana nzima alijua jibu lilikuwa mara nyingi.

— Na katika hao, akasema Akiru, — ni mama gani uliyemfukuza zizini?

Shadrack aliendelea kupangusa kioo kisichokuwa na uchafu. Kiplagat aliangalia uwanja wa ndege kwa makini, kana kwamba kuna kitu kinatua. Hatimaye Ajwang akafungua mdomo.

— Lakini mbuzi, kisayansi...

— Kahawa imekwisha, alisema Mugure, na akamwaga birika zima mchangani, likiwa limejaa, mvuke ukapanda mpaka magotini mwao.

Akiru alisimama, akamwinua Abei.

— Ulisema niende kwetu, akamwambia mumewe. — Nilipitia Kakuma kwanza. Sasa naenda kwetu.

Lori la Lorugum liliondoka alasiri hiyo, nao wakiwa juu yake.

Lotiir hakurudi kwenye benchi. Siku tisa alifukuza mbuzi asubuhi na kulala mchana kutwa bila usingizi, akipita mbali na hoteli ya Mugure ili asisikie wanasema nini. Walikuwa wamehamia kwenye bei ya samaki. Siku ya kumi alimwomba mzee mmoja amshikie zamu ya uwanja, akapata lifti ya kwenda Lorugum.

Kaka zake Akiru walikuwa wawili, wafugaji, watu wa maneno machache. Walimwonyesha jiwe la kukalia nje ya ua, wakaendelea na shughuli zao. Alikaa hapo tangu asubuhi. Abei alikuja akamletea maziwa kwenye kibuyu kidogo, akamsimulia kuhusu Kakuma, kuhusu mwanamume mmoja aliyezimia alipoona sindano, akacheka na mwanya wake wa meno. Lotiir alicheka naye, na alipomaliza kucheka akajikuta analia, basi akanywa maziwa ili uso wake uwe ndani ya kibuyu.

Mifugo iliporudi, Akiru alitoka. Kaka zake wakaja wakasimama nyuma yake, wameegemea fimbo.

— Umefuata nini? akauliza.

— Nimekuja kusema nilikosa.

— Ulikosa nini?

Lotiir alikuwa amejitayarisha njia nzima, na maneno yote mazuri aliyopanga yakamkimbia.

— Uliniuliza mimi nafikiri nini, akasema. — Nikakujibu wanavyofikiri wao. Abei ni mtoto wangu. Nilijua hata kabla hujapanda lori. Niliogopa kuchekwa.

Akiru akaelekeza kidole kwa kaka yake mkubwa.

— Huyu hasikii vizuri sikio la kushoto, akasema. — Zunguka upande wa kulia, umwambie.

Lotiir akainuka kwenye jiwe, akazunguka, akayasema yote tena.